Nishati mimea au magari ya umeme: tuulize kwanza shamba lilikuwa na nini kabla ya kulimwa

#1 Mleta mada

Wakuu, habari za jioni.

Kwetu Kisarawe mbono kaburi ulikuwa mmea wa uzio na wa makaburini. Bibi yangu aliupanda kuzunguka kaburi la babu kwa sababu mbuzi hawauli, na sisi watoto tulikuwa tukivunja vikonyo vyake na kupuliza mapovu ya utomvu. Tunda lake likikauka ukalipasua, unakuta mbegu tatu nyeusi. Ukiimenya mbegu moja na kuichomeka kwenye kijiti, inawaka kama mshumaa mdogo, kwa moshi mzito kidogo. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mmea huo wa makaburini ungekuja kutafutiwa maelfu ya hekta.

Bei ya mafuta duniani ilipopanda hadi kufikia dola 147 kwa pipa mwezi Julai 2008, ghafla mbono ukawa dhahabu. Wawekezaji walikuja na maelezo mazuri: mmea unavumilia ukame, unakua kwenye ardhi isiyofaa kwa chakula, mafuta yake yanaendesha injini ya dizeli, na hewa ukaa inayotoka kwenye moshi ni ileile ambayo mmea uliivuta ulipokuwa ukikua, kwa hiyo hesabu inafungwa kwa sifuri. Mwaka 2009 kampuni kutoka Uingereza ilipata zaidi ya hekta 8,000 katika vijiji 11 vya wilaya yetu. Kilwa, kampuni kutoka Uholanzi ilipata hekta zipatazo 34,000 za vijiji vya Mavuji, Migeregere, Nainokwe na Liwiti, sehemu kubwa ikiwa ni misitu ya asili ya miombo na ya pwani. Kufikia mwaka 2011 miradi yote miwili ilikuwa imekwama, vibarua wamerudishwa nyumbani, na ardhi haijarudi mikononi mwa wanavijiji.

Nimeanza na historia hiyo kwa sababu mjadala wa nishati mimea, yaani mafuta yanayotokana na mimea, na magari ya umeme, ambao sasa umerudi kwa nguvu, mara nyingi huanzia kwenye bomba la moshi. Watu wanauliza ni gari lipi linalotoa moshi kidogo. Mimi naona swali la kwanza ni shamba lilikuwa na nini kabla ya kulimwa, kwa sababu hapo ndipo hesabu ya nishati mimea inapofungwa au inapovunjika.

Msitu ni ghala la hewa ukaa. Imelala kwenye shina, kwenye mizizi na kwenye udongo wenyewe. Ukifyeka na kuchoma ili upande mmea wa mafuta, ghala lote linafunguka kwa siku moja, na mafuta utakayovuna yanalipa deni hilo kidogo kidogo kila mwaka. Mwaka 2008 jarida la Science lilichapisha utafiti uliopiga hesabu ya deni hilo. Miwa ya ethanoli iliyopandwa kwenye nyika ya Cerrado, Brazili, ingehitaji miaka ipatayo 17 kulilipa. Michikichi iliyopandwa baada ya kufyeka msitu wa mvua wa Asia ya Kusini-Mashariki ingehitaji miaka 86, soya iliyopandwa mahali pa msitu wa Amazoni miaka 319, na michikichi kwenye ardhi ya mboji ya Indonesia miaka 423. Katika miaka yote hiyo, mtu anayejaza tangi kwa mafuta ya namna hiyo anachafua anga kuliko jirani yake anayenunua dizeli ya kawaida.

Tukiacha msitu kando na kusema kwamba ardhi ilikuwa wazi kabisa, bado kuna suala la ukubwa wa eneo. Naomba mnifuate katika hesabu hii, ambayo nimeipiga mwenyewe kwa makadirio ya kawaida. Hekta moja ya mbono isiyomwagiliwa, kwa mavuno halisi na si yale ya vipeperushi, inatoa lita kama 500 za mafuta kwa mwaka. Gari la dizeli linalokunywa lita 7 kwa kilomita 100 litakwenda kilomita 7,000 hivi. Hekta moja ya miwa mizuri ya Brazili inatoa lita kama 6,500 za ethanoli, na gari likitumia lita 11 kwa kilomita 100, kwa kuwa ethanoli ina theluthi mbili tu ya nguvu ya petroli, litakwenda kilomita 59,000. Hekta moja ya paneli za sola, zikipangwa kwa nafasi, inaweza kubeba kilowati 500, na kwa jua la Tanzania ikazalisha uniti zipatazo 750,000 kwa mwaka. Gari la umeme linatumia uniti 20 kwa kilomita 100. Hata nikikata nusu nzima ya umeme huo kwa ajili ya upotevu njiani, kwenye betri na kwenye chaja, bado zinabaki kilomita zaidi ya milioni 1.8.

Kwa gari linalotembea kilomita 15,000 kwa mwaka, hekta ya mbono inalisha nusu gari, hekta ya miwa inalisha magari manne, na hekta ya sola inalisha magari zaidi ya mia moja. Tofauti hiyo haiwezi kuzibwa na mbegu bora wala mbolea. Jani la mmea linageuza sehemu ndogo tu ya nguvu ya jua, kwa kawaida chini ya asilimia 1 hadi 2, kuwa kitu kinachoweza kuvunwa, ilhali paneli inageuza asilimia 20. Kisha injini ya mwako inapoteza robo tatu ya kilichobaki kama joto, wakati mota ya umeme inatumia zaidi ya asilimia 80 ya inachopewa.

Karibuni tujadili. Naomba tubaki kwenye mazingira; siasa za uwekezaji zina uzi wake.

#2 Fundi wa Gerezani

Mleta mada, nakushukuru kwa uzi wenye hesabu, lakini naomba uje karakana kwetu uone hali halisi. Magari yaliyopo barabarani leo ni yale yaliyoshushwa bandarini yakiwa yametumika Japani, mengi yana miaka 10 hadi 20, na yataendelea kutembea miaka mingine 15. Hakuna mwenye daladala atakayeitupa kwa sababu tu gari la umeme ni safi. Faida ya nishati mimea ni kwamba unaimimina kwenye tangi lililopo. Malawi wanachanganya ethanoli ya miwa ya Dwangwa kwenye petroli tangu mwaka 1982. Kenya nao walichanganya asilimia 10 kuanzia mwaka 1983, kwa ethanoli ya Muhoroni, kabla ya mpango huo kusimama miaka kumi baadaye. Teknolojia hii si ngeni kwetu.

Kwa haki naongeza upande wa pili, kwa kuwa nimefungua injini hizo kwa mikono yangu. Ethanoli inavuta maji. Gari likikaa wiki tatu bila kuwashwa, maji yanajitenga chini ya tangi na kutu inaanza. Bayodizeli iliyotengenezwa ovyo inaziba chujio na inalainisha mipira ya zamani mpaka inavuja. Hayo yote yanarekebishika, lakini yana gharama.

Swali langu ni hili: umeme wako unatoka wapi? Tukichaji pikipiki kwa umeme wa gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay, si tumehamisha moshi tu kutoka Kariakoo kwenda Kinyerezi, kwenye mitambo inayochoma gesi hiyo?

#3 Mleta mada

Fundi, swali lako ni la msingi na ninalijibu kwa mfano wa nyumbani.

Mdogo wangu anaendesha bodaboda. Hadi mwaka jana alikuwa na pikipiki ya petroli na alitumia lita 3 kwa siku kwa mwendo wa kilomita kama 120. Kila lita ya petroli ikiungua inatoa kilo 2.3 za hewa ukaa, kwa hiyo siku moja ilikuwa karibu kilo 7. Sasa anaendesha ya umeme. Inakula uniti 5 kwa siku ukijumlisha kinachopotea wakati wa kuchaji. Tuchukue hali mbaya kabisa, kwamba uniti zote 5 zinatoka kwenye mtambo wa gesi, ambao hutoa takribani nusu kilo kwa uniti. Hiyo ni kilo 2.5, kwa hiyo hata kwa umeme wa gesi tupu anaokoa kilo 4.5 kila siku.

Betri nayo ina deni lake, kama shamba. Kutengeneza betri hutoa kilo 60 hadi 100 za hewa ukaa kwa kila kilowati-saa, yaani uniti moja, ya ukubwa wake. Betri mbili za pikipiki yake kwa pamoja ni za kilowati-saa 3, kwa hiyo tuseme kilo 300. Deni hilo linalipwa kwa siku 67. Na kwa kuwa yeye hakai na betri zilezile, bali anabadilisha kituoni, ambako lazima ziwepo betri za akiba zinazochajiwa wakati yeye yuko barabarani, tuzidishe mara mbili na kusema miezi mitano. Linganisha na miaka 17 ya Cerrado.

Umeme wetu wenyewe haujasimama pale ulipokuwa. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliingia kwenye gridi mwanzoni mwa mwaka 2024. Kenya, kwa jotoardhi ya Olkaria, upepo wa Turkana na maji ya Mto Tana, inapata karibu asilimia 90 ya umeme wake bila kuchoma mafuta. Ethiopia, ambayo umeme wake karibu wote ni wa maji, ilipiga marufuku uingizaji wa magari ya petroli na dizeli mwaka 2024. Pikipiki ya mdogo wangu itazidi kuwa safi kila mtambo safi unapowashwa, bila yeye kubadili hata spoku moja. Tangi la ethanoli halina bahati hiyo.

Sitaki kuficha upande wa pili wa bwawa. Limejengwa ndani ya hifadhi ya Selous, ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini tangu mwaka 2014, na limezamisha eneo kubwa la miombo. Wakazi wa Rufiji wanaotegemea mafuriko ya msimu kwa mashamba yao, na mikoko ya delta inayotegemea tope la mto, wana haki ya kuuliza kila mwaka maji yanaachiwaje. Umeme wa maji nao una shamba lake lililokuwepo kabla.

Kuhusu magari ya zamani nakubaliana nawe kwamba yatabaki. Lakini ukichanganya ethanoli asilimia 10, kwa kuwa nguvu yake ni theluthi mbili, unaondoa chini ya asilimia 7 ya petroli, na hapo ni kabla hujakata mbolea, trekta na kiwanda. Kwa faida ndogo hivyo sioni sababu ya kufyeka hata ekari moja.

#4 Mkazi wa Kilifi

Assalam aleikum wana jukwaa. Naongeza ushahidi wa upande wetu, kwani yaliyotokea Kisarawe yalitaka kutokea pia Dakatcha, nyuma ya Malindi.

Kulikuwa na ombi la kulima mbono kwenye hekta 50,000 za msitu wa mirihi, mahali ambapo Wagiriama wanalima mihogo na mananasi, wanachunga na kutunza makaya yao, yaani misitu mitakatifu ya mababu. Huko ndiko anakozaa kwera wa Clarke, ndege asiyepatikana popote duniani isipokuwa katika kaunti yetu ya Kilifi. Mashirika ya uhifadhi yaliagiza hesabu ya hewa ukaa ifanywe kwa msitu huohuo, si kwa msitu wa kwenye vitabu, na majibu yaliyotoka mwaka 2011 yalionyesha kwamba mafuta ya mbono wa Dakatcha yangetoa gesi joto mara 2.5 hadi mara 6 zaidi ya mafuta ya kisukuku. Ajabu ni kwamba mafuta hayo yalikusudiwa kwenda Ulaya ili kusafisha barabara za huko. Mradi haukuendelea, na mirihi ipo hadi leo, ingawa wakata mkaa wanaimaliza polepole.

Hata hivyo, mleta mada, msiwaone watu wa betri kuwa malaika. Pale Owino Uhuru, Mombasa, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za risasi. Sumu iliingia kwenye damu za watoto, maji yakaharibika, watu wakafa. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na kesi ikaendelea kupanda ngazi hadi Mahakama ya Juu mwaka 2024. Zipo bajaji za umeme za bei nafuu zinazotumia betri za namna hiyohiyo za risasi, na zinachoka mapema. Zitakwenda kuyeyushiwa wapi?

#5 Mwana Lualaba

Ndugu zangu, naandika kutoka Kolwezi. Mnapiga hesabu za hekta na lita, lakini hapa kwetu gari la umeme lina uso wa mtu.

Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima, madini yanayotumika kwenye betri nyingi za magari ya umeme, inachimbwa hapa Congo, na sehemu kubwa yake inatoka mkoa wetu wa Lualaba. Mchana ukipita kwenye barabara ya malori, vumbi ni jekundu mpaka hulioni gari lililo mbele yako, na kina mama wanafunika masufuria kwa matambara. Wachimbaji wadogo wanashuka kwenye visima vya mita 20 na zaidi, kwa kamba na tochi ya kichwani, bila nguzo za kushikilia udongo. Mvua ikinyesha udongo unashuka. Kuna mitaa mizima iliyoondolewa kwa sababu chini ya nyumba kulikuwa na mawe ya kijani na meusi. Mito inayopokea maji ya viwanda haina samaki tena kama zamani.

Sisemi mrudi kwenye petroli. Nasema mkiandika neno safi, mkumbuke lina mahali lilipooshwa.

#6 Mleta mada

Mwana Lualaba, nimekisoma ulichoandika mara tatu, na sina neno la kukipunguza. Ningeomba kila anayeandika kuhusu magari ya umeme asome ujumbe wako kabla ya kuanza.

Ninachoweza kuongeza ni cha kiufundi, na nakisema bila kusudi la kufuta maumivu ya watu. Betri za chuma na fosfeti hazina kobalti wala nikeli kabisa. Ni nzito kidogo kuliko zile nyingine kwa umeme uleule, lakini zinavumilia kuchajiwa mara nyingi zaidi na haziwaki moto kirahisi, na ndiyo maana zimeenea sana kwenye pikipiki, mabasi na magari ya bei ya kawaida; mwaka 2023 zilikuwa zaidi ya theluthi moja ya betri zote za magari ya umeme duniani. Mahali tunapoweza kuchagua, tuchague hizo. Ila najua hazitauacha mkoa wako salama, kwa sababu waya na mota zinataka shaba, na shaba iko hapohapo kwenu; na lithi ya Manono nayo imeshaanza kugombewa. Kwa upande wetu kuna nikeli ya Kabanga kule Ngara na madini ya kinywe ya Mahenge, kwa hiyo vumbi unalolieleza linaweza kuwa letu kesho.

Tofauti moja naiona, na naomba unisahihishe kama nimekosea. Lita ya mafuta, iwe ya kisimani au ya shambani, inaungua mara moja na kwisha, na kesho unahitaji lita nyingine. Shaba, nikeli na lithi zilizo ndani ya betri zinabaki mlemle baada ya betri kuchoka, na zinaweza kutolewa na kutumika tena. Kwa hiyo machimbo yana uwezekano wa kupungua siku moja, ikiwa betri zinarudishwa. Shamba la mafuta halina siku hiyo. Kila mwaka linadai hekta zake zilezile.

Na hapo ndipo ninapokubali hoja ya Mkazi wa Kilifi bila kubakiza kitu. Betri ya risasi isiruhusiwe kwenye chombo kipya cha umeme, na anayeingiza betri ya lithi nchini abebe wajibu wa kuipokea ikichoka. Mfumo wa kubadilishia betri kituoni unasaidia hapa, kwa sababu betri si mali ya dereva, ni mali ya kituo, na ikichoka kituo ndicho kinachobaki nayo. Betri ya dereva mmoja mmoja huishia kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na kutoka hapo hakuna anayejua inakwenda wapi.

#7 Mtu wa Miwa, Kilombero

Nimefuatilia kimya kimya, ila naona nishati mimea inahukumiwa kwa makosa ya mbono. Kiwanda cha sukari hakifyeki msitu ili kupata ethanoli. Tani moja ya miwa, baada ya kutoa sukari, inaacha kilo 35 hadi 40 za molasi, ambazo zikichachushwa na kukenekwa zinatoa karibu lita 10 za ethanoli. Molasi hiyo ipo utake usitake. Makapi ya miwa nayo yanachomwa kuendesha kiwanda chenyewe. Mleta mada aseme kama hilo nalo ni dhambi.

#8 Mleta mada

Mkuu wa Miwa, umeniletea sehemu ya mada niliyoipenda zaidi na nilikuwa naisubiri. La hasha, si dhambi. Kinachotokana na masalia hakina deni la shamba, kwa sababu shamba lilishalimwa kwa ajili ya sukari. Nasema vivyo hivyo kwa mafuta ya kukaangia yaliyochakaa kwenye migahawa ya chipsi, ambayo leo humwagwa mtaroni au, jambo baya zaidi, huuzwa tena kwa mama lishe. Nasema vivyo hivyo kwa mkonge: jani la mkonge linatoa nyuzi asilimia 4 tu, na yote yaliyobaki ni majimaji na makapi yaliyokuwa yakitupwa mitoni na kuozea huko huku yakitoa methani. Pale Hale, Tanga, walijenga mtambo wa kugeuza makapi hayo kuwa gesi na umeme tangu mwaka 2008 hivi. Hiyo ni nishati mimea ninayoweza kuitetea popote. Kwenye ethanoli ya molasi ninaweka sharti moja tu, na wewe unalijua kuliko mimi: kila lita ya ethanoli inaacha lita 10 au zaidi za maji machafu yenye joto na asidi, na yakiingia mtoni bila kutibiwa yanaua samaki kwa kumaliza hewa ndani ya maji.

Swali linabaki: lita hizo 10 zipelekwe wapi? Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaotaka zichanganywe kwenye petroli.

Lita moja ya ethanoli ndani ya gari inakupeleka kilomita 9. Lita hiyohiyo kwenye jiko la ethanoli, ambalo nusu au zaidi ya joto lake linafika kwenye sufuria, inafanya kazi ya kilo moja na nusu ya mkaa kwenye jiko la kawaida. Na kilo moja na nusu ya mkaa, kwa tanuri la udongo tunalolijua, imekula kilo 9 hadi 15 za kuni. Kwa hiyo swali ni kilomita 9 za barabarani au tawi zima la mrihi. Gari lina njia nyingine, nayo ni umeme. Mama wa Mbagala anayepika maharage saa tatu hana njia nyingi, na macho yake na mapafu ya mtoto aliye mgongoni yanalipa kila siku. Serikali yetu imejiwekea lengo kwamba kufikia mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia. Gesi ya mitungi peke yake haitafikisha lengo hilo vijijini, na molasi za Kilombero, Mtibwa, Kagera na Moshi zinaweza kuchangia sehemu. Msitu unaookolewa hivyo ni uleule wa Dakatcha, Kisarawe na Kilwa, ambao mbono ulitaka kuufyeka kwa jina la mazingira na ambao mkaa unaendelea kuufyeka bila jina lolote.

Sehemu nyingine ninayoikubali ni vyombo ambavyo betri haiviwezi leo, yaani ndege za masafa marefu na meli kubwa. Lakini masalia ni machache. Mafuta ya kukaangia yaliyochakaa ya dunia nzima yanaweza kutosha sehemu ndogo tu ya ndege, kwa hiyo kila lita inayoingizwa kwenye gari dogo la mjini ni lita iliyokosewa mahali.

#9 Fundi wa Gerezani

Nimeelewa hoja ya jiko na sina pingamizi nayo. Mke wangu atakuunga mkono kabla yangu. Kwenye pikipiki nina shaka moja iliyobaki. Hesabu yako ya uniti 5 ni ya karatasi. Betri inachoka. Baada ya mwaka mmoja wa joto la Dar es Salaam na mashimo ya barabara zetu, dereva atahitaji uniti ngapi kwa kilomita 120 zilezile? Na matairi je? Pikipiki ya umeme ni nzito, mota inavuta kwa nguvu tangu mwanzo, na mimi naona tairi la nyuma linaisha haraka. Unga wa tairi nao unaingia kwenye mapafu na kwenye mitaro.

#10 Mleta mada

Fundi, la tairi nalipokea. Chombo cha umeme kinaondoa moshi, hakiondoi vumbi la tairi, na kwa magari makubwa binafsi ya umeme, yenye betri za kilo mia kadhaa, tatizo hilo ni kubwa zaidi. Ndiyo maana ningependa umeme uanze kwenye bodaboda, bajaji na mabasi, ambako kila kilo ya betri inabeba watu wengi kwa saa nyingi za siku. Nairobi mabasi ya umeme yamekuwa yakibeba abiria tangu mwaka 2022. Gari la mtu mmoja linalolala kwenye maegesho saa 22 kwa siku halijanishawishi, hata likiwa na betri safi namna gani.

Kuhusu uniti, umesema kweli kwamba nimetumia namba za betri mpya. Pikipiki ya mdogo wangu ina miezi 11 sasa. Jana usiku nilikwenda naye kituoni. Alichomoa betri mbili kutoka chini ya kiti, kila moja uzito wake kama ndoo ya maji, akazisukuma kwenye kabati na kutoa nyingine mbili zenye taa ya kijani, na dakika mbili hazikutimia. Kwenye skrini ya kabati kunaonekana asilimia iliyobaki kwenye betri inayorudishwa na umeme ulioingia kwenye inayotolewa, kwa hiyo namba za kweli zipo, ni za kuziandika tu. Tumekubaliana kwamba kuanzia Jumatatu ataandika kwenye daftari kila anapobadilisha: kilomita kwenye dashibodi, asilimia aliyorudisha na asilimia aliyochukua. Tutaandika pia siku aliyofunga tairi jipya la nyuma. Wewe, kwa upande wako, ukipata dereva mmoja wa petroli anayefanya njia ya Mbagala kama yeye akuandikie lita na kilomita kwa siku 30 zilezile, tutaziweka namba zote mbili hapa chini.